Ukingo wa Picha

Studio yetu ina mlango mmoja na mabwana wawili. Upande wa dirishani ni wangu: kamera ya dijitali, kompyuta, printa, na kiti kinachozunguka ambacho wateja wengine hukikalia hata wakishamaliza shida yao. Upande wa ndani, nyuma ya pazia zito jeusi, ni wa Mjomba: chumba cha giza, mabeseni ya dawa, taa nyekundu, na mashine ya kukuzia picha iliyoinama kama korongo anayetafuta samaki. Katikati yetu kuna kaunta, na juu ya kaunta hiyo ndipo tunapogombana.

Ugomvi wetu ni mmoja tu, ila hauchakai. Ni kipi kinaona zaidi, kamera yangu au filamu yake.

"Hii ina megapikseli arobaini na tano," humwambia. "Nukta milioni arobaini na tano, Mjomba, zimejipanga kama vigae. Hata sisimizi hapiti katikati."

"Ndiyo shida yake. Mimi nikitaka vigae naenda bafuni."

"Na filamu yako ina nini?"

"Chembe. Zimemwagika kama mchanga, kubwa kwa ndogo, zimelaliana. Hakuna aliyezihesabu, kwa sababu hazikuletwa duniani zihesabiwe."

Siku moja nikiwa nafuta lenzi nilimtupia ubeti: "Chako cheusi chumbani, changu mwanga mkononi." Sikupumua mara mbili, jibu likatoka nyuma ya pazia: "Atazamaye kwa pupa, huona nusu ya chupa." Lilinikera mchana kutwa, hasa kwa kuwa mizani yake ilikuwa kamili.

Yeye ndiye aliyenibandika jina la Pikseli. Mtaa mzima ukalichukua, na sasa hata mama yangu mzazi akinituma dukani huniita hivyo.

Basi mwaka huo dada yangu alikuwa anaolewa. Kwa wiki kadhaa nyumbani hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Bibi Harusi wakati wa kufua, Bibi Harusi wakati wa kuosha vyombo. Kadi za mwaliko zilipofika kutoka kwa mchapaji, Mama alikaa nazo mezani akaziandika majina moja moja kwa mwandiko wake ulionyooka. Aliandikia majirani, akaandikia walimu wetu wa zamani, akamwandikia hata fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Bibi Harusi alisimama nyuma yake akingoja. Kadi zikaisha.

"Na ya Mama mkubwa?" akauliza.

Mama akafunika kalamu.

Mama mkubwa ni dada yake Mama, wa kwanza kuzaliwa kwao, na Mjomba ndiye kitinda mimba. Anakaa upande wa pili wa mji. Sisi watoto tulikwenda kwake kila likizo, na tuliporudi Mama hakuuliza habari zake hata kidogo. Aliuliza tu kama tulikula tukashiba. Wao wawili walikuwa hawajasemeshana tangu siku Mama alipoolewa, yaani tangu kabla sijazaliwa.

"Hakuja kwenye harusi yangu," Mama akasema. "Sasa aje kwenye yako kufanya nini?"

"Yeye anasema alikuja."

"Anasema alikuja akafukuzwa mlangoni. Nani alimfukuza? Mimi? Nilikuwa nimekaa mbele na shela hadi puani, ningemfukuza na nini? Hilo la kutokuja ningelisamehe. Mtu huumwa, mtu hukosa nauli. Lakini kunisingizia kwamba nimemfukuza dada yangu siku ya harusi yangu, hilo hapana."

"Baba, wewe ulikuwepo," nikasema.

Baba alikuwa nyuma ya gazeti. "Mimi siku ile nilikuwa namwona mtu mmoja tu."

"Hilo ndilo jibu lako tangu mwaka wa kwanza," Mama akamwambia, lakini alikuwa anarekebisha kitambaa chake kichwani.

Kisha akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha kubwa iliyotundikwa juu ya kabati, picha ya harusi yao, nyeusi na nyeupe, aliyoipiga Mjomba mwenyewe. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya harusi.

"Ile hapo. Watu wote wamo. Hata yule mpishi aliyekuja kudai sufuria yake yumo, na sufuria yenyewe imo. Haya, nionyesheni dada yangu."

"Bila Mama mkubwa siolewi mimi," Bibi Harusi akasema, polepole, kama mtu anayesoma bei dukani. "Mtamwoza Pikseli."

Damu yangu ni ya kuchemka haraka. Nikasimama. "Mama, kama picha ikionyesha alikuwepo?"

"Ikionyesha, hiyo kadi nitampelekea mwenyewe kwa miguu yangu."

"Na isipoonyesha?"

"Basi jina lake lisitajwe tena humu ndani. Si wewe, si Bibi Harusi wako, si huyo mjomba wenu."

Nikapanda kwenye kiti, nikaitungua picha.

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Kesho yake asubuhi niliilaza mezani studioni, nikasimamisha taa mbili kulia na kushoto, nikafunga kamera kwenye stendi, nikaipiga. Halafu nikaiingiza kwenye kompyuta nikaanza kuvuta. Nyuso zikaja. Baba akaja, mwembamba kama ufito. Mpishi akaja na hasira zake. Nikavuta zaidi, nikaona nyuzi za karatasi, nikaona alama ya kidole ya mtu aliyeishika kabla haijakauka. Nikaenda ukingo wa kushoto: kuna nguzo ya ukumbi, kuna nusu ya sikio la mtu, na picha imeishia hapo. Ukingo wa kulia kuna ukuta mtupu.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Unafanya nini, Pikseli?"

"Natafuta mtu."

"Umepiga picha ya picha. Hiyo ni kama kunusa ua lililochorwa." Akanywa chai. "Kilichokwisha kwenye karatasi, kamera haiwezi kukizaa. Hata ingekuwa na milioni mia."

Ilinibidi nimeze kiburi. "Negativu yake ipo?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama ana ini.

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kopo la biskuti. Filamu za kamera yake ya zamani si zile nyembamba. Ni za mraba, kila picha pana kama kiganja cha mtoto, na kila kipande amekifunga kwenye karatasi laini. Akakipata alichotaka, akakishika pembeni kwa kucha, akakielekeza dirishani. Kwenye negativu kila kitu kimegeuka: shela ya Mama ilikuwa nyeusi tii, na suti ya Baba imekuwa nyeupe kama ya daktari.

Nikasogea. Kulia mwa nguzo, watu wale wale. Kushoto mwa nguzo, mahali ambapo picha ya nyumbani inaishia, palikuwa na mlango.

"Mjomba, kwenye picha ya ukutani mlango huu haupo."

"Haupo."

"Huku upo."

"Niliukata." Hakuwa anajitetea, alikuwa anaeleza kazi. "Ulikuwa umekaa vibaya, nusu wazi, mwanga unaingia, jicho linakimbilia huko badala ya kwa maharusi. Nilipokuwa nakuza nilisogeza zile bati za pembeni, nikauacha nje. Ndivyo nilivyofundishwa. Picha ni ukingo wake. Ukingo ukiwa safi, picha imesimama."

"Na hicho kilichosimama mlangoni ni nini?"

Akaileta negativu karibu na jicho, akaiondoa. Kitu kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele.

"Hicho," akasema, "ndicho mimi na wewe tunachokwenda kuangalia. Wewe kwa vigae vyako, mimi kwa mchanga wangu. Tuone nani atafika kwanza."

Hatukuwekeana dau. Heshima ilitosha.

Nilianza mimi. Niliilaza negativu juu ya kioo chenye taa, nikafunga lenzi ya kupigia vitu vidogo, nikaipiga, nikageuza weusi kuwa weupe. Ilitoka safi, ningeweza kulia. Maua ya shela unayahesabu, kifungo cha shati la Baba unakiona kimefungwa kwa uzi wa rangi nyingine. Nikaenda mlangoni, nikavuta. Mtu akatokea. Nikavuta. Mtu akakua. Nikavuta tena ili nipate uso, na hapo mtu akaanza kuondoka na mchanga ukaanza kuja.

Zilikuwa chembe za filamu. Kamera yangu ilikuwa inanionyesha kila moja kwa uaminifu kabisa, hii ya mviringo, hii imebonyea, hizi mbili zimepandana. Nikasogeza kamera karibu zaidi, nikapiga mlango peke yake kipande kwa kipande, nikaviunga. Sasa nilikuwa na nukta mara kumi ya zile za mwanzo, na nilichopata ni chembe zilezile, kubwa zaidi, zenye sura nzuri zaidi. Uso haukuwepo. Nilikuwa natandika vigae juu ya mchanga.

"Pikseli," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Njoo uone, na ufunge pazia vizuri."

Chumba cha giza kina harufu ya siki na chuma. Chini ya taa nyekundu Mjomba alikuwa amelaza karatasi kwenye beseni, anaitikisa taratibu. Karatasi ilikuwa nyeupe. Kisha ikawa na kivuli. Kisha nguzo ikasimama, mlango ukafunguka, na mlangoni pakajitokeza mtu mwenye urefu wa kidole gumba. Sitasema uongo, hata mimi mwenye kiburi changu, ile saa picha inapojitokeza kwenye maji huwa nanyamaza.

"Mwanamke," nikasema.

"Mwanamke."

"Yupi?"

Uso wake ulikuwa alama tatu za kijivu. Mjomba aliendelea kulitikisa beseni hata baada ya picha kuwa tayari, mpaka nikamshika mkono, maana ingeungua kwa dawa. Nikadhani anaona haya kwa ajili ya filamu yake.

"Basi imeishiwa," nikamwambia tulipotoka.

"Na yako?"

"Yangu haijaishiwa. Imefika mwisho wa yako."

"Basi tumefika sote," akasema, na akakaa kwenye kiti changu kinachozunguka, kiti ambacho hajawahi kukikalia, akageukia ukutani.

Mimi sikubali kushindwa na mchanga. Kama uso hauonekani ukiwa mdogo, nikawaza, dawa ni kuufanya mkubwa. Nikakata picha yangu: nikawaacha nje Baba, Mama, mpishi na sufuria, nikabakiza mlango na yule mwanamke. Mjomba aliniambia mara moja tu, bila kugeuka, "Usimkuze sana." Sikumsikiliza. Nikapeleka faili kwa wachapaji wa mabango, wanichapie kwenye ubao mgumu, urefu wa mtu mzima.

Mchapaji aliutazama ubao ulivyokuwa unatoka kwenye mashine. "Huyu anagombea wapi?"

"Anagombea harusi," nikamwambia.

Jumapili tukaipeleka nyumbani, mimi nimeshika juu, Mjomba ameshika chini, na ile picha yake ndogo ameitia mfukoni mwa shati. Sebule yetu si pana. Ukiwa na kochi, meza, kabati na friji ambayo haikupata nafasi jikoni, nafasi ya kupita ni ya mtu mmoja aliyejibana. Tukausimamisha ubao mbele ya kabati. Mama akavaa miwani yake, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

Akatazama kichwa. Akatazama bega. Akashuka mpaka chini, akapanda tena.

"Hii ni nini?"

"Ni mtu aliyesimama mlangoni siku ya harusi yako."

"Mtu yuko wapi? Mimi naona pumba. Mmemwaga pumba kwenye ubao."

"Mama, humo ndani kuna nukta zaidi ya milioni mia..."

"Milioni mia, na hakuna hata jicho moja?"

Bibi Harusi alikuwa ameegemea friji, mikono kifuani. Naye alikuwa anatazama kwa karibu, kwa kuwa humo ndani hapakuwa na namna nyingine ya kutazama, na nikaona matumaini yanamtoka usoni. Mjomba akatoa picha yake ndogo akampa Mama. Mama akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Na hiki ni kidole gumba kimevaa gauni."

"Ni mwanamke, Dada."

"Wanawake siku ile walikuwa ukumbi mzima." Akavua miwani. "Nimewapa nafasi. Mmoja kaniletea pumba, mwingine kaniletea kidole. Dada yangu sijamwona. Maneno yameisha, na mlisikia nilivyosema."

Bibi Harusi akaingia chumbani akafunga mlango bila kishindo. Angeubamiza ingekuwa afadhali.

Mimi nilichemka. Nikamwambia Mama kwamba hataki kuona, kwamba hata angeletewa Mama mkubwa mwenyewe amesimama hapo angedai aone kitambulisho. Mama akaniuliza kama niliyekuwa nasema naye ni mwenzangu. Baba akakunja gazeti, jambo ambalo hufanya mara moja kwa mwaka. Mjomba akanikamata kiwiko.

"Shika ubao," akasema. "Tuondoke na vyetu."

Tukautoa nje. Pale nje palikuwa na upepo, na ubao ule upepo uliupenda. Ulitusukuma kulia, ukatusukuma kushoto, mwendesha pikipiki akatupigia honi ndefu, na mwishowe ukatuvusha barabara bila ridhaa yetu mpaka kwenye ukuta wa fundi viatu. Tukauegemeza hapo tupumue. Fundi alikuwa kwenye kibanda chake, ana misumari mdomoni, na ubao ulikuwa hatua moja kutoka puani pake.

Akaitema misumari kiganjani. "Mmeanza kuuza mchanga?"

"Ni picha," nikasema.

"Ya mchanga?"

Mama alikuwa ametokea mlangoni kwetu, ng'ambo ya barabara. Alitoka kwa kuwa Mjomba alisahau ile picha ndogo mezani, na Mama hapendi kitu cha mtu kibaki kwake baada ya ugomvi. Alikuwa ameinua mkono ili aite. Mkono ukabaki juu.

Tulisubiri tutukanwe.

"Msiusogeze," akasema.

Nikadhani sikusikia. "Nini?"

"Nimesema msiusogeze huo ubao. Ameshika nini mkononi?"

Nikageuka kutazama. Chembe, chembe, chembe. Nikavuka barabara mbio mpaka aliposimama Mama, nikageuka tena.

Na pale, kwenye ukuta wa fundi viatu, alikuwa amesimama mwanamke.

Mimi niliyekuwa nimemtazama siku zote zile, niliyemkuza, niliyemkata, niliyembeba, ndiyo kwanza namwona. Mchanga wote ulikuwa umejikusanya ukawa gauni, ukawa shingo, ukawa mkono ulioning'iniza kitu. Uso bado haukuwa na macho wala mdomo, lakini haukuhitajika. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ameukunja nyuma, wayo wake umegusa shavu la mguu aliosimamia.

"Viatu," Mama akasema. "Ameshika viatu."

"Anafanya nini na huo mguu?"

"Anafuta vumbi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tukienda shule alikuwa anavua viatu njiani, visije vikachakaa. Anatembea peku mwendo wote. Tukifika mlangoni anafuta mguu kwa shavu la mguu mwingine, hivyo hivyo, halafu mwingine, ndipo avae. Mimi nilikuwa namcheka. Nilikuwa namwita kuku wa mvua." Akanyoosha kidole ng'ambo. "Hajavaa bado. Ndiyo kwanza anafika."

Dirisha la chumbani lilifunguka, kichwa cha Bibi Harusi kikatoka. Fundi viatu naye akavuka barabara na nyundo yake, akasimama nasi, akatazama ukuta wake mwenyewe.

"Kumbe ni mtu," akasema. "Tena peku."

"Alikuja," Mama akasema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka chungu motoni: "Sasa mbona hakuingia?"

Ng'ambo ya barabara Mjomba alikuwa amebaki peke yake, ameushika ubao usipeperuke, amejibanza nyuma yake. Tuliona vidole vinane juu na viatu viwili chini.

"Dada," ubao ukasema.

"Nini?"

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyemfukuza."

Pikipiki ikapita. Mama akangoja ipite. "Weka hicho kitu chini useme nikuone."

"Nikikiweka kitapeperuka."

"Basi sema hapo hapo."

Akasema. Kamera yake ile hupigiwa kifuani, mpigaji ameinama, anatazama kioo kidogo cha juu ambacho watu ndani yake ni wadogo na wamegeuka, wa kushoto yuko kulia. Alikuwa amepanga ukoo mzima, jasho linamtoka, ndiyo mara yake ya kwanza kulipwa kwa kazi hiyo. Akapiga. Hapo akaona pembeni mwa kioo kuna mtu mlangoni anamharibia ukingo. Akasema kwa sauti ya fundi mkubwa, bila kuinua uso: wewe wa mlangoni, toka kwenye picha. Mtu akatoka. Akapiga ya pili, lakini kwenye ya pili Baba alifumba macho, ndiyo maana akaisafisha ya kwanza na kuukata mlango.

"Hukuinua hata uso?" Mama akauliza.

"Fundi hainui uso, Dada. Akiinua watu wanasogea."

"Fundi," Mama akasema, kama anayetema kokwa.

"Tusiwaingize mafundi wote," fundi viatu akasema.

"Na umejua lini?"

"Juzi, kwenye beseni. Mguu ule ulipojitokeza nikamjua, nikakumbuka na maneno niliyosema."

"Mbona hukusema pale sebuleni?"

Ubao ukayumba kidogo. "Sebuleni ulikuwa karibu mno nami."

Bibi Harusi ndiye aliyeanza kucheka, kule dirishani. Baba akafuata kutoka ndani, na sikujua hata kama alikuwa anasikiliza. Mama hakucheka, lakini alijifuta uso wote kwa ncha ya kitambaa, jicho na pua na mdomo, ili kisijulikane kilichokuwa kinafutwa.

"Pikseli. Lete simu."

Nikampa yangu. Nilikuwa nataka kumtafutia namba, akanisukuma mkono. Akaibonyeza yote kwa kidole kimoja, bila kusita hata kwa tarakimu moja, namba ya dada ambaye hawajasemeshana naye miaka yote hiyo. Simu ikaita, na kwa kuwa hajui kutumia simu yangu, sauti ikasikika barabara nzima.

"Haloo. Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi uliyekuwa ukinichelewesha shule kwa kufuta miguu."

Tuliusikia upepo kwenye simu na upepo kwenye ubao.

"Nimekuona," Mama akasema. "Kwenye picha. Uko mlangoni, umeshika viatu."

"Si nilisema."

"Ulisema umefukuzwa. Hukusema na nani."

"Sauti niliijua."

"Mbona hukumtaja?"

"Alikuwa mtoto. Kazi yake ya kwanza ile, na ukumbi umejaa watu. Na nilidhani ni wewe uliyemtuma."

"Sikumtuma."

"Sasa nimejua."

Mama akavuta pumzi. Ng'ambo, vidole vinane havikuwa vimesogea. "Binti yetu anaolewa. Siku hiyo ukifika usisimame mlangoni, ingia moja kwa moja. Na wakati wa picha kaa katikati, unasikia? Ndugu yako ana tabia ya kukata pembeni."

"Sijaona kadi."

"Naileta sasa hivi. Naileta kwa miguu."

"Kwa miguu? Kutoka huko mpaka huku?"

"Niliapa mbele ya watoto."

Mama mkubwa akafikiri kidogo, tukamsikia anafikiri.

"Basi vua viatu," akasema, "visije vikachakaa."